Ufungashaji Salama wa Vinyago vya Jiwe la Kisii kwa Masoko ya Nje

Jiwe la sabuni linalochimbwa katika eneo la Tabaka, Kaunti ya Kisii, ni miongoni mwa malighafi zinazoitambulisha sanaa ya Kenya nje ya mipaka yake. Kutokana na jiwe hilo wachongaji hutengeneza sanamu za wanyama na watu, bakuli, sahani, vishikio vya mishumaa na seti za sataranji zinazouzwa Ulaya, Marekani na Asia. Mmoja wa wachongaji wa eneo hilo, Elkana Ong'esa, ana kazi yake katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Safari ya kinyago kutoka Tabaka hadi kwa mnunuzi ni ndefu. Shehena inayopita baharini husafiri kwanza kwa barabara zaidi ya kilomita 700 hadi Bandari ya Mombasa, kisha hupakiwa melini, hupakuliwa katika bandari ya ng'ambo na kupelekwa ghalani kwa lori jingine. Katika kila kituo mzigo huinuliwa, husogezwa na kuwekewa mizigo mingine juu yake. Kinyago kilichochongwa kwa siku kadhaa, kikapigwa msasa na kung'arishwa kwa mkono, kinaweza kupoteza thamani yote kwa kukatika sikio au pembe. Mara nyingi hasara hiyo humrudia aliyekifungasha, kwa sababu bima na sheria za uchukuzi hazifidii uharibifu uliotokana na ufungashaji duni. Kwa hiyo ufungashaji unapaswa kuhesabiwa kuwa hatua ya mwisho ya uchongaji, yenye muda wake na gharama yake katika bei ya bidhaa.

Tabia ya jiwe lenyewe

Jiwe la Kisii ni laini. Sehemu yake kubwa ni madini ya talki, ambayo hushika nafasi ya 1, yaani ya chini kabisa, katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini. Ndiyo maana huchongwa kwa panga, kisu na patasi. Ulaini huohuo una madhara mawili wakati wa safari. Kwanza, jiwe hukwaruzwa kwa urahisi na chembe ya mchanga, msumari au kinyago kingine. Pili, sehemu nyembamba kama shingo ya twiga, mkia au mkono ulionyooshwa haziwezi kustahimili nguvu inayozipinda.

Pamoja na ulaini huo, jiwe ni zito. Uzito wake ni karibu mara 2.7 hadi 2.8 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Kipande chenye sentimita 20 kila upande huwa na uzito wa takriban kilo 22, na chenye sentimita 30 kila upande hukaribia kilo 76. Hapa ndipo jiwe linapotofautiana na glasi au vyombo vya udongo. Glasi nyepesi huhitaji kulindwa zaidi dhidi ya vitu vya nje, lakini kinyago cha jiwe huhitaji kulindwa pia dhidi ya uzito wake chenyewe. Katoni inapoanguka na kusimama ghafla, jiwe lililo ndani huendelea kwenda chini, na kiwiliwili kizito huivunja shingo au mguu unaokibeba.

Hatari nne za njiani

Ya kwanza ni kishindo cha kuangushwa. Shirika la ISTA, linaloweka viwango vya kupima vifungashio, huangusha vifurushi vyepesi visivyofikia takriban kilo 10 kutoka kimo cha sentimita 76, na vile vya kilo 19 hadi 28 kutoka sentimita 46. Sababu ni kwamba mzigo mwepesi hubebwa juu na kurushwa, ilhali mzito hubebwa karibu na ardhi.

Ya pili ni mtetemo wa lori na meli. Mtetemo hauvunji kwa pigo moja. Huzisogeza bidhaa kidogo kidogo, huzisugua na hulegeza misumari mpaka nafasi ndogo iliyokuwa katonini ikawa kubwa.

Ya tatu ni mgandamizo wa mizigo iliyopangwa juu. Ya nne ni unyevu. Kontena linalotoka joto la Mombasa na kuingia bahari yenye baridi hutokwa jasho ndani: mvuke hugeuka matone kwenye dari na kudondokea mizigo. Katoni iliyolowa hupoteza nguvu, na rangi au nta ya kinyago hupata madoa.

Ukaguzi na ukaushaji

Kazi huanza kwa kuchagua kinachofaa kusafirishwa. Kila kinyago kikaguliwe mishipa na nyufa. Njia rahisi ni kukigonga taratibu kwa kifundo cha kidole: jiwe zima hutoa mlio ulio wazi, na lenye ufa hutoa mlio uliofifia. Njia nyingine ni kulilowesha na kulitazama likikauka, kwani mstari wa ufa huhifadhi maji na hubaki mweusi baada ya sehemu nyingine kukauka. Kinyago chenye ufa kisifungashwe kwa matumaini kwamba kitafika salama.

Vinyago hupigwa msasa kwa maji, kwa hiyo vingi hutoka kazini vikiwa na unyevu. Vinapaswa kukauka kabisa kivulini mahali penye hewa kabla ya kupakwa nta, na nta yenyewe iachwe igande na kufutwa. Kinyago kibichi kikifungwa ndani ya plastiki hutoa mvuke usio na pa kutokea. Vilivyotiwa rangi vijaribiwe kwa kitambaa cheupe. Kama kitambaa kinapata rangi, kinyago hakijawa tayari.

Vumbi la talki nalo lifutwe, hasa kwenye pembe na ndani ya bakuli. Vumbi hilo huteleza kama poda na huzuia selotepu kushika. Meza ya kufungashia isiwe ileile ya kuchongea.

Ufungaji wa kinyago kimoja kimoja

Tabaka la kwanza linalogusa jiwe liwe karatasi laini isiyo na wino. Gazeti huacha alama za wino kwenye mawe meupe na ya rangi ya maziwa, na plastiki yenye viputo vya hewa huacha duara ndogondogo kwenye nta inapopata joto. Baada ya karatasi hiyo ndipo plastiki ya viputo au sponji nyembamba izungushwe.

Sehemu nyembamba hushughulikiwa kabla ya mwili mzima. Nafasi kati ya miguu, kati ya mkono na kiuno, au kati ya mama na mtoto katika sanamu ya familia, ijazwe karatasi iliyokunjwa bila kushindiliwa. Lengo ni kukifanya kifungu kilichokamilika kiwe na umbo la yai au mche, pasiwe na kitu kilichochomoza. Bakuli na vyombo vyenye uwazi vijazwe ndani vilevile. Bakuli zikipachikwa moja ndani ya nyingine, kila moja itenganishwe na sponji hadi kwenye ukingo.

Sahani na mbao za sataranji zilizotengenezwa kwa jiwe zisilazwe. Zisimamishwe kwa ukingo, kama vitabu rafuni, huku kila moja ikitenganishwa na kipande cha sponji au katoni. Sahani iliyolazwa hubeba uzito wa zote zilizo juu yake na hupasuka katikati. Vipande vya sataranji vipewe kila kimoja chumba chake ndani ya sanduku.

Uchaguzi wa sponji na katoni

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba sponji laini zaidi ndiyo salama zaidi. Chini ya jiwe zito sponji laini hubonyea hadi mwisho, na kishindo kinapotokea huwa haina tena nafasi ya kukipokea. Viputo vya plastiki hupasuka. Chembe nyepesi za povu zinazomiminwa katonini huliacha jiwe lizame taratibu mpaka likagusa sakafu. Vinyago vizito vinahitaji sponji ngumu ya poliethilini au povu gumu jeupe la aina inayotumika kufungashia televisheni. Kipimo cha haraka ni kukiweka kinyago juu ya sponji bila kukisukuma: ikiwa sponji imebonyea zaidi ya nusu ya unene wake, itafutwe iliyo ngumu zaidi au kipande kipana zaidi kinachosambaza uzito.

Kwa kinyago kinachobebwa na mtu mmoja, utaratibu ulio salama zaidi ni wa katoni mbili. Kinyago kilichofungwa huwekwa katika katoni ya kwanza inayokitosha. Katoni hiyo huwekwa ndani ya nyingine kubwa zaidi, ikiachiwa nafasi isiyopungua sentimita 5 pande zote sita, nayo hujazwa sponji ngumu. Katoni ya nje iwe mpya na yenye ukuta maradufu. Katoni iliyokwishatumika imekwisha kunyweshwa unyevu na kukunjwa, na nguvu yake haijulikani.

Uzito wa katoni iliyofungwa ubaki chini ya kilo 25, ili mtu mmoja aweze kuiinua na kuishusha bila kuiachia. Kishindo cha ghafla mara nyingi hutokana na mikono iliyochoka. Selotepu pana ya sentimita 5 ipite katikati ya kifuniko na kwenye kingo zake mbili, juu na chini, kwa umbo la herufi H. Kabla ya kutoka, katoni itikiswe. Ikisikika sauti au kuhisika kitu kinachocheza, ifunguliwe na kujazwa upya.

Kreti kwa vinyago vikubwa

Kinyago kinachozidi uwezo wa mtu mmoja hufungashwa katika kreti ya mbao au plaiwudi. Kreti iwe na miguu ya mbao yenye kimo cha takriban sentimita 10 ili uma wa foklifti upite chini yake. Kreti isiyo na miguu huinuliwa kwa mtaimbo, na mtaimbo huanza kwa kuitoboa. Viungo vyake vikazwe kwa skrubu au bolti, kwa sababu misumari hulegezwa na mtetemo, na maofisa wa forodha wanaotaka kukagua huweza kufungua skrubu na kuzirudisha bila kuharibu kifuniko.

Ndani ya kreti kinyago kishikwe pale kilipo na nguvu: kwenye kitako na kwenye sehemu nene ya kiwiliwili. Vipande vya mbao vilivyovikwa sponji hukatwa kwa kufuata umbo lake na kufungwa kwenye kuta za kreti. Shingo, pembe, masikio na vidole visishikwe wala kugusana na kitu. Sanamu ndefu na nyembamba mara nyingi husafiri salama zaidi ikiwa imelazwa juu ya kitanda cha sponji kinachoibeba kwa urefu wote kuliko ikiwa imesimama. Kitovu cha uzito kiwe chini na katikati.

Alama za nje ziwe za kimataifa, kwa kufuata kiwango cha ISO 780: bilauri kwa kitu kinachovunjika, mishale miwili inayoelekea juu, mwavuli kwa kitu kisichotakiwa kulowa, pamoja na alama ya kitovu cha uzito na ya mahali pa kufungia minyororo. Uzito wa kreti uandikwe kwa tarakimu kubwa pande mbili. Hata hivyo, alama haichukui nafasi ya ufungashaji, kwa kuwa foklifti ya usiku ghalani haisubiri kusomewa.

Kanuni za mbao na mimea

Mbao za kreti na paleti zinaongozwa na kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea, ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili kuzuia wadudu waharibifu wa miti wasivuke mipaka. Mbao hizo zinapaswa kuondolewa magome na kutibiwa. Tiba inayotumika sana ni joto: moyo wa mbao hufikishwa nyuzi 56 za Selsiasi na kubaki hapo kwa dakika 30 mfululizo. Mbao iliyotibiwa hugongwa muhuri wenye nembo ya suke la ngano, herufi za nchi, ambazo kwa Kenya ni KE, namba ya aliyetibu na herufi HT. Nchini Kenya jukumu la kusimamia afya ya mimea liko chini ya taasisi ya KEPHIS. Mchongaji hawezi kujigongea muhuri huo. Hununua kreti au mbao zilizotibiwa kutoka kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Plaiwudi na mbao zenye unene usiozidi milimita 6 hazihitaji muhuri. Kwa sababu hiyo wasafirishaji wengi huchagua kuta za plaiwudi na kutumia mbao zilizotibiwa kwa miguu na fremu tu. Kipande kimoja kisicho na muhuri kinatosha kuifanya shehena nzima izuiwe, irudishwe au kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mali.

Nyasi kavu na majani ya migomba, yanayopatikana bure, yasitumike kujazia katoni za nje ya nchi. Nchi nyingi huyahesabu kuwa mabaki ya mimea yanayoweza kubeba mbegu na wadudu.

Gharama: sponji haiongezi nauli kila mara

Wafungashaji hupunguza sponji wakiogopa kwamba katoni kubwa italipiwa zaidi. Kwa jiwe hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Katika usafiri wa ndege nauli hukokotolewa kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, kwa kutumia ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000, au kwa 5,000 katika kampuni nyingi za vifurushi vya haraka.

Kinyago cha kilo 20 katika katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 kina uzito wa ujazo wa kilo 6. Kikihamishiwa katoni ya sentimita 50 kwa 40 kwa 40, uzito wa ujazo huwa kilo 13.3, au kilo 16 kwa kigawanyo cha 5,000. Katika hali zote hizo nauli hutozwa kwa uzito halisi, yaani kilo 20 na uzito mdogo wa kifungashio. Kwa hiyo sentimita 5 za ziada za sponji kila upande huongeza gharama ya sponji na katoni, lakini karibu haziongezi nauli.

Kwa bahari, shehena ndogo inayochanganywa na ya wengine hutozwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, ule ulio mkubwa. Kwa anayekodi kontena zima la futi 20, lenye nafasi ya takriban mita 33 za ujazo, kinachotangulia kuisha ni uzito unaoruhusiwa. Mita 10 za ujazo za jiwe tupu hufika tani 28. Hivyo nafasi ya sponji, paleti na vizuizi huwapo siku zote.

Upakiaji wa kontena

Kabla ya kupakia, kontena likaguliwe kwa kufunga milango mtu akiwa ndani huku mwingine akibaki nje: mwanga unaopenya huonyesha tundu. Kreti nzito ziwe chini na uzito usambazwe sakafuni, usirundikwe upande mmoja wala nyuma. Nafasi kati ya kreti zizibwe kwa mbao zilizotibiwa au mifuko ya hewa, na mifuko ya kufyonza unyevu itundikwe kwenye kuta. Chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena halipakiwi melini bila uzito wake uliothibitishwa kutangazwa na msafirishaji. Uzito wa kukisia haukubaliki.

Hati, mkataba na bima

Orodha ya upakiaji itaje namba ya kila katoni, vilivyomo, idadi na uzito, na ilingane na ankara. Bidhaa ielezwe kuwa kazi mpya ya mikono ya jiwe la sabuni. Maelezo hayo huitofautisha na vitu vya kale, ambavyo kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 haviruhusiwi kutolewa nchini bila kibali.

Masharti ya biashara ya kimataifa ya Incoterms 2020 humpa muuzaji jukumu la kufungasha bidhaa ipasavyo. Hata katika mauzo ya FOB Mombasa, ambapo hatari ya safari humwangukia mnunuzi mara mzigo unapopakiwa melini, kinyago kilichovunjika kwa ufungashaji mbaya hubaki kuwa hoja dhidi ya muuzaji. Bima ya shehena nayo, hata ile pana kabisa ijulikanayo kama Kifungu A, haifidii hasara iliyosababishwa na ufungashaji usiotosha. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 humwondolea mchukuzi wa ndege dhamana kwa sababu hiyohiyo.

Ulinzi wa mchongaji katika mzozo ni ushahidi. Kila kinyago kipigwe picha kikiwa kizima, kikiwa kimefungwa nusu na katoni ikiwa imefungwa, namba yake ikionekana. Picha hizo zitumwe kwa mnunuzi pamoja na hati. Mnunuzi naye aelekezwe kupiga picha ya katoni kabla ya kuifungua na kuhifadhi vifungashio. Uharibifu usioonekana kwa nje huarifiwa mchukuzi wa bahari ndani ya siku 3 baada ya mzigo kupokewa, na mchukuzi wa ndege ndani ya siku 14. Muda huo ukipita, madai hudhoofika au kukataliwa.

Maamuzi ya mwanzo

Baadhi ya hasara huzuiwa kabla patasi haijagusa jiwe. Ndovu aliyechongwa mkonga wake ukiegemea kifua, au twiga aliyeinamisha shingo hadi ikagusa mgongo, husafiri kwa usalama zaidi kuliko mwenye viungo vilivyoachwa hewani. Pale muundo unaporuhusu, pembe na mikuki vinaweza kutengenezwa kando, vikafungashwa peke yake na kuchomekwa na mnunuzi. Vikundi vinavyouza pamoja vinaweza pia kumteua mfungashaji mmoja mwenye vipimo, mizani na daftari la katoni, badala ya kila mchongaji kufunga kwa namna yake usiku wa kuamkia siku ya lori. Daftari hilo likirekodi kilichovunjika, mahali kilipovunjikia na namna kilivyofungwa, shehena inayofuata itafungashwa kwa kufuata kumbukumbu zilizoandikwa.